Mita Tatu, Ukuta Mmoja

Maswali ya wasomaji kuhusu picha. Anayejibu ni mpiga picha wa harusi za wanawake, Mkomani, Lamu.

SWALI: Assalaam aleikum Bi, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Shela. Marehemu babu aliniachia mita mbili za kupimia mwanga, Weston Master V na Gossen Lunasix 3. Ya tatu ni programu iliyo kwenye simu yangu. Napiga filamu ya nyeusi na nyeupe, FP4 Plus, nikiwafuata mafundi wa majahazi Matondoni. Mchana kwenye jua mita zote tatu husema mamoja, au karibu. Usiku, nikizishika nusu mita kutoka kwa globu ya waya iliyo chumbani kwa babu, Lunasix inasoma mwanga zaidi ya Weston kwa stopu nzima na kitu (yaani mara mbili na zaidi), na simu iko katikati. Nikizielekeza kwenye leso nyekundu ya mama zinaachana hata mchana. Ipi nzima na ipi mbovu? Kaka yangu anasema nizitupe zote mbili nifuate simu.

JIBU: Waaleikum salaam, na marahaba mwanangu. Mungu amrehemu babu yako. Mtu aliyeweza kutunza Weston na Lunasix katika hewa hii yetu ya chumvi alikuwa mtu wa kuheshimu vyombo vyake. Usitupe hata moja. Kwa ulivyoeleza sioni mbovu hapo. Mita zikipatana juani halafu zikaachana chini ya globu, tazama kwanza rangi ya mwanga kabla hujailaumu sindano.

Jicho la binadamu huona kwa nguvu zaidi kwenye kijani kinachoelekea manjano, kwenye mawimbi ya nanomita 555 hivi. Ukisogea kwenye buluu ya mwisho au wekundu wa mwisho, jicho linachoka. Ndani ya mita hamna jicho, mna kipande cha madini, na kila madini yana rangi inayoyaamsha.

Weston ya babu ina seli ya seleni. Seleni hutoa umeme wenyewe ikipigwa na mwanga, ndiyo maana hutaona mlango wa betri. Kampuni hiyo ya Marekani ilitoa mita yake ya kwanza ya picha ya namna hii mwaka 1932, na seleni ikatawala kazi hii miaka mingi. Kwa rangi, seleni haiko mbali sana na jicho. Udhaifu wake ni giza: kwenye kandili sindano haiinuki kabisa, au huinuka kidogo tu ikakuacha ukikisia.

Lunasix ina seli ya kadimiamu salfaidi. Hii haitoi umeme. Inaupa umeme wa betri njia, na mwanga ukiongezeka njia inafunguka zaidi. Gizani ni kali kweli kweli. Lakini wekundu unaiamsha kuliko unavyoliamsha jicho. Tena ina tabia ya kulewa jua. Ukitoka nayo barazani saa saba ya mchana ukaingia nayo chumba cha ndani, kwa dakika kadhaa inakuambia mambo ya nje. Ifunike, ingoje, ndipo uisome.

Simu yako inapima kwa silikoni. Silikoni tupu huona zaidi kule ambako sisi hatuoni kabisa, kwenye infraredi, kilele chake kikiwa karibu nanomita 900. Watengenezaji huweka kioo mbele yake cha kuizuia miale hiyo. Basi uaminifu wa mita ya silikoni kwa rangi ni uaminifu wa kile kioo chake.

Sasa itazame globu ya waya. Buluu yake ni haba, manjano tele, wekundu tele zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu zake inatoka kama joto, yaani infraredi. Lunasix inakuta karamu. Weston inakuta chakula cha kawaida. Kila moja imekuambia kweli kwa jicho lake.

Swali lililobaki ni la filamu: jicho lake linafanana na lipi? Hapa mimi niliumia, na nitakueleza kwa sababu sipendi likupate.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa kazi hii. Wapiga picha wanaume hawaingii kwenye harusi za ndani, na wenye harusi hawataki nega zao, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa, zipite mikononi mwa mtu baki, kwa hivyo nilipiga mwenyewe na kusafisha mwenyewe chumbani kwangu usiku. Nilikuwa nimepata mita ya kadimiamu, naitegemea kama dira. Bibi harusi aliketi mbele ya zidaka, kuta zimepakwa chokaa, globu mbili za wati 100 zimening'inia juu yake. Filamu ilikuwa ya kasi ya ASA 400, ambayo siku hizi huitwa ISO. Mita ikasema sehemu moja ya 30 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/4. Nikaitii, roli mbili nzima.

Nega zilitoka nyepesi kama maji. Uso ulikuwepo, nguo ilikuwepo kidogo, nywele na vivuli vilikuwa kioo kitupu. Nikajitahidi kwenye karatasi ngumu ya kuchapia, ile inayozidisha tofauti ya giza na mwanga, nikapata kitu. Mama wa binti akazipokea kwa adabu, akazitazama moja moja, akaniuliza, "Hina iko wapi?" Binti alikuwa amekaa siku nzima akipakwa hina, mikono hadi viwiko, maua madogo madogo, na katika picha zangu mikono ilikuwa mitupu. Sikuwa na jibu. Sherehe ile hairudiwi.

Jibu nilikuja kulipata baadaye kwa fundi wangu Mombasa, na lilikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza: mita ilizidisha mwanga kwa stopu moja hivi, kwa kupenda wekundu wa globu. Cha pili: filamu ya kawaida, hata hii ya pankromatiki inayoona rangi zote, huona wekundu kwa uchovu kuliko buluu, kwa hivyo chini ya globu kasi yake halisi hushuka. Zamani paketi za filamu ziliandikwa kasi mbili, moja ya mchana na moja ya taa. Hadi leo Ilford Ortho Plus, isiyoona nyekundu, inaandikwa 80 kwa mchana na 40 kwa globu. Mita ilikosea upande mmoja na filamu ikakosea upande ule ule, makosa yakajumlishwa. Cha tatu ndicho kilichokula hina: mwanga ukiwa mwekundu, kitu chekundu hung'aa kwenye filamu karibu sawa na ngozi iliyo chini yake. Siku hizi, kwa harusi ya taa za manjano, naweka kichujio cha kijani hafifu mbele ya lenzi. Kinanila stopu mbili hivi, na hina inarudi mkononi pake, jani kwa jani.

Kwa ajili ya swali lako nimefanya jaribio wiki hii. Nilikaa dakani saa nne ya asubuhi, kivulini, mbingu safi. Nilikuwa na Weston, na mita ya kadimiamu, na mita ya silikoni ya zamani ambayo kioo chake cha kuzuia infraredi siku zote nimekitilia shaka. Kwanza niliipima kadi ya kijivu, nikaandika tofauti zao ili nizitoe kwenye hesabu. Hilo usiliruke; hata mita mbili nzima kabisa hutofautiana, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana namba ya kuanzia. Sekonic hutumia 12.5, Pentax na Minolta walitumia 14, na hapo pekee pana moja ya sita ya stopu kabla rangi haijaingia.

Kisha nikatandika leso nyekundu. Kadimiamu ikaipita Weston kwa theluthi mbili za stopu. Ndiyo leso ya mama yako hiyo.

Nikaweka tawi la mkoko, bado bichi, lenye majani yanayong'aa. Weston na kadimiamu zikakaribiana. Silikoni ikapanda juu kwa stopu moja. Majani mabichi huakisi infraredi kwa nguvu sana, na mita ile ilikuwa ikiyaona kama watu wa sayari nyingine wangeyaona, meupe kama yamenyunyiziwa chokaa.

Mwisho nikatandika buibui langu la poliesta, jeusi tii. Jicho langu likaona shimo la giza, Weston ikaona hivyo hivyo. Silikoni ikasoma mwanga zaidi kwa stopu moja na robo tatu. Nikarudia mara tatu, nikageuza kitambaa, nikafuta kioo cha mita kwa pindo la leso. Yale yale. Vitambaa vingi vya kutengenezwa vilivyotiwa rangi nyeusi ni vyeusi kwa jicho tu. Kwa infraredi vinang'aa. Mtu akipiga mama wa Kiamu aliyejitanda, akapima buibui lake kwa mita kama ile, atapunguza mwanga kwa ajili ya mng'ao ambao filamu haiuoni kamwe, na mikunjo yote ya nguo itazama. Nadhani picha nyingi za wanawake wetu zilizotoka kama kivuli chenye uso zilipotea kwa njia hii, na lawama ikapewa nguo.

Wenzetu waliliona mapema. Fred Picker wa kampuni ya Zone VI, huko Vermont, Marekani, alikuwa akichukua mita za Pentax za nyuzi moja akazitia vichujio ndani, ili zione rangi kama filamu ya Tri-X inavyoziona, na kuta za ndani za kuzuia mwanga uliopotea. Watu walimlipa kwa kazi hiyo, na mimi naielewa sababu.

Basi fanya hivi mwanangu. Weston iwe ya mchana Matondoni. Kama bado ina ile koni nyeupe ya kufunikia seli, itumie: simama alipo fundi, elekeza koni kwenye kamera, upime mwanga unaomwangukia. Mwanga unaoanguka haujali kama mbao ni mpya au nyeusi kwa sifa, yale mafuta ya samaki, wala kama amevaa kanzu au shati jekundu. Makosa ya rangi ya vitu yanaondoka, yanabaki ya rangi ya mwanga wenyewe, na mchana hayo ni madogo. Kipimo cha kuikagua kiko juu ya kichwa chako bure: jua kali, mbingu safi, kwa ISO 100, ni f/16 kwa sehemu moja ya 125. Ikikupa hivyo, au theluthi ya stopu pembeni, ni nzima.

Lunasix iwe ya usiku, kwa masharti. Chini ya globu ya waya au kandili, gawa kasi ya filamu kwa mbili na nusu hivi: FP4 iliyo 125 iweke 50. Piga roli moja ya majaribio chumbani kwa babu: 125, 80, 50, 32, mtu yule yule, kiti kile kile. Safisha, tazama nega kwenye dirisha. Ile ambayo kivuli chake kina kitu ndani, hiyo ndiyo namba yako, na ina nguvu kuliko namba yangu. Kwa globu za LED mambo ni tofauti. Mwanga wake una buluu ya ghafla na wekundu haba, wala hauna joto lile. Usichukue namba ya globu ya waya ukaipeleka huko.

Lakini kabla ya yote, umetia betri gani? Lunasix 3 ilitengenezewa betri mbili za zebaki za volti 1.35. Marekani ilizikataza kwa sheria mwaka 1996 na leo hazipatikani. Ukitia alkalaini za volti 1.5, mita itasema uongo unaobadilika, kwa sababu volti zake hushuka kila siku kadiri zinavyotumika. Kuna kifaa cha kuvalisha betri za fedha kinachoshusha volti. Kipate kama unaweza. Zile za visaidizi vya masikio, namba 675, zina volti 1.4 na zinakaribia, ila huvuta hewa, na hewa ya Shela ina unyevu. Zitakaa wiki chache.

Kukagua kama kipimo chake kimenyooka kutoka mwanga mwingi hadi haba, panda darini usiku usio na mwezi, penye uwazi, kwa sababu ndani kuta za chokaa hurudisha mwanga zikaharibu hesabu. Washa globu moja tupu. Pima mwanga unaoanguka ukiwa mita 1, kisha 1.4, kisha 2, kisha 2.8. Kila hatua lazima ishuke stopu moja kamili. Ikishuka sawa mwanzoni kisha ikalegea mwishoni, andika mahali inapoanzia kulegea ukibandike mgongoni mwa mita. Yangu ina kibandiko hicho tangu zamani.

Umeniambia pia, pembeni ya barua, kwamba hupenda kichujio chekundu kwa ajili ya mawingu na matanga. Usikiweke mbele ya Lunasix ukapima kupitia kwake. Itaona wekundu uliobaki kwa furaha na kukuambia umepoteza stopu mbili, na filamu imepoteza tatu. Pima bila kichujio, kisha ongeza tatu kwa mkono. Na kumbuka kivuli cha kando ya jahazi kinaangaziwa na mbingu ya buluu. Kichujio chekundu kinakila kivuli hicho kuliko kinavyokula jua. Fundi aliye ndani ya kivuli mpe zaidi.

Kaka yako hakukosea sana kuhusu simu. Kioo chake cha infraredi kwa kawaida ni kizuri. Ila inapima mwanga unaorudi kutoka kwa vitu, ukuta mweupe unaivuta upande mmoja na mlango mweusi upande mwingine. Iwe shahidi wa tatu, na usimpe uhakimu.

SWALI: Bi, mimi napiga harusi Malindi kwa kamera ya dijitali. Bwana harusi na kanzu nyeupe, nyuma yake akina mama na mabuibui. Kamera hunipa kanzu iliyoungua au nyuso nyeusi. Je, mita ya mkononi itanisaidia, au ni mambo ya kale? Msomaji, Malindi.

JIBU: Itakusaidia, dada. Mita ya kamera inaamini kila kitu duniani ni kijivu cha asilimia 18. Kanzu iliyopigwa pasi inarudisha mwanga zaidi ya stopu mbili juu ya hapo, na buibui liko stopu mbili au zaidi chini, kwa hivyo kamera inafuata kile kilichojaza fremu. Mita yenye kuba jeupe, ukiishika penye uso wa bwana harusi ikitazama kamera, haioni kanzu wala buibui. Kama unanunua mpya, Sekonic L-398A haihitaji betri. Umbo ni lile la zamani la seleni, ndani siku hizi ni silikoni ya amofasi, na jicho lake la rangi linakaribia la binadamu. Kwa ukumbi wa taa hafifu, nunua ya dijitali.

SWALI: Mita yangu ya seleni imekuwa nzito, juani inanipa stopu mbili chini ya mita ya rafiki yangu, na chumbani haisogei. Naweza kuibadilishia ISO nikaendelea? Msomaji, Faza.

JIBU: Pima kwanza tofauti hiyo juani, kivulini na dirishani. Kama ni stopu mbili kote, weka ISO mara nne ya ile ya filamu na uendelee nayo. Kama tofauti inabadilika kutoka mahali hadi mahali, seli inakufa na hakuna namba itakayoiponya. Unyevu umepenya chini ya varnishi na kula ile ngozi nyembamba ya juu inayokusanya umeme. Kabla ya kukata tamaa, ifungue nyuma na usugue kwa kifutio cha penseli vibao viwili vya shaba vinavyogusa seli. Mara mbili nimeziona zikirudi kwa hilo tu. Seli yenyewe usiiguse kwa kidole wala kwa spiriti. Ikirudi, ihifadhi gizani ndani ya mkebe wa bati unaofunga vizuri, na pakiti za silika jeli zile zinazokuja ndani ya viatu, na kila Ijumaa uzikaushe juani.